Sura ya Saba: Usiku wa Kuamkia

Katika lugha yetu yako maneno ambayo mgeni ajifunzaye Kiswahili huyastaajabia, ilhali sisi tuliozaliwa nayo tumeyazoea hata masikio yetu hayayasikii tena. Mgeni akialikwa Unguja kuhudhuria maulidi yatakayosomwa usiku wa Ijumaa, naye akafika siku ya Ijumaa baada ya sala ya isha, amevaa vizuri na kujitia manukato, atakuta mikeka imekwisha kunjwa tangu jana na vyetezo vimekwisha poa, kwa kuwa usiku wa Ijumaa ni ule uliotangulia mchana wake, ule ulioingia jua la Alhamisi lilipokuchwa. Wazee waliotuachia hesabu hii hawakuianza siku saa sita za usiku, saa ambayo haina alama yoyote mbinguni wala duniani. Waliianza magharibi, jua likizama mbele ya macho ya kila mtu. Wakati huo ndio hutazamwa mwezi mwandamo, na kutoka wakati huo ndipo huhesabiwa saa za usiku, saa moja, saa mbili, saa tatu, kama hatua za mtu aanzaye safari. Wayahudi nao huiingia Sabato yao Ijumaa jua likichwa, basi hesabu hii si ya pwani yetu peke yake; lakini sisi tumeihifadhi hata katika usemi wa siku zote, kwani mtu atakaye kuutaja usiku pasipo utata husema usiku wa kuamkia Jumatatu, usiku wa kuamkia Idi, usiku wa kuamkia harusi, na katika maneno hayo usiku umefungwa na kesho yake, haukufungwa na jana.

Nimefanya kazi ya kutoa nasaha kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo nimesikiliza watu wa kila hali, wenye elimu na wasio nayo, wenye mali na wenye madeni, wanandoa wasioelewana na vijana wasiojielewa wenyewe. Na jambo ambalo nimejifunza kwao, ambalo sura hii yote inalihusu, ni kwamba wengi wamepoteza hesabu ile ya wazee. Usiku kwao umekuwa mabaki ya siku. Mtu wa zama hizi huufanya usiku kuwa kapu la kutilia kila kilichomshinda mchana, kazi isiyokwisha, maneno yasiyosemwa, mpira aliokosa wasaa wa kuutazama, ugomvi ulioahirishwa kwa ajili ya wageni. Akilala hulala juu ya kapu hilo, na akiamka hustaajabu kwa nini mwili wake ni mzito na ulimi wake ni mkali. Kisha hununua kitabu cha mafanikio, katika vile vinavyopangwa chini kando ya njia Kariakoo, na humo huambiwa kwamba watu wakubwa wa dunia huamka saa kumi ya alfajiri. Huenda ni kweli. Lakini sijaona katika vitabu hivyo sura imwelezayo kijana alale saa ngapi ili aamke saa hiyo, na nimewapokea vijana wengi waliojitahidi kuamka saa kumi bila ya kuacha kulala saa saba, wakaendelea hivyo wiki mbili au tatu, wakashindwa, wakajihukumu kuwa ni watu dhaifu wasio na azma. Kumbe azma walikuwa nayo tele. Kilichopungua ni usiku.

Kosa hili mimi mwenyewe nililifanya, wala si kwa nafsi yangu bali kwa mtu aliyeniamini. Katika miaka yangu ya mwanzo alinijia kijana, ambaye sitamweleza kwa namna ya kumtambulisha, akilalamika kwamba hasira imemtawala, amempiga nduguye mdogo kwa jambo la upuuzi na anaogopa atampiga mkewe. Nilimkalisha mara tatu, nikamweleza subira na fadhila zake, nikamfundisha kuvuta pumzi na kunyamaza kabla ya kujibu, na kila nilipozungumza niliona kope zake zinashuka. Niliudhika moyoni nikidhani ana upungufu wa adabu. Mara ya nne alikuja mama yake badala yake.

“Maalim,” alisema, “mwanangu anasema maneno yako ni mazuri, ila hayakumbuki akifika nyumbani.”

Nikamwuliza kijana analala saa ngapi. Mama akanitazama kwa mshangao, kama mtu aulizwaye jambo ambalo dunia nzima inalijua, akasema, “Alale wapi, baba? Usiku analinda ghala, na asubuhi anafungua genge lake sokoni.” Mtu alikuwa na njaa ya usingizi wa miezi, nami nikampa mawaidha ya subira kama kwamba hasira yake imezaliwa katika ubaya wa moyo. Tangu siku ile sikumwuliza mtu habari ya tabia yake kabla sijamwuliza habari ya usiku wake, na mara nyingi jawabu la suali hili la pili limetosheleza la kwanza.

Sasa nataka msomaji anivumilie kidogo nieleze yale ambayo elimu ya siku hizi imeyathibitisha mintarafu ya jambo hili, kwani mtu akijua sababu ya kitu hukifuata kwa ridhaa na si kwa kuogopa kulaumiwa. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ipishanapo mishipa itokayo machoni, kuna kishada kidogo mno cha chembe hai, yapata elfu ishirini, ambacho ndicho saa ya mwili. Kishada hiki huendesha mzunguko wa takriban saa ishirini na nne hata pasipokuwa na jua wala saa ya ukutani. Mwaka 1962 kijana wa Kifaransa aitwaye Michel Siffre aliingia katika pango la barafu katika milima ya Alps, akakaa huko peke yake miezi miwili bila ya saa na bila ya kuuona mchana. Akilini mwake hesabu ya siku ilimpotea kabisa, kwani alipotolewa tarehe 14 Septemba alidhani ni tarehe 20 Agosti, lakini mwili wake ulikuwa umeendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliopita saa ishirini na nne kwa sehemu ndogo tu. Akili ilisahau, mwili haukusahau. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 2017 kwa kufichua namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe, nao waliisoma kwa inzi wadogo wa matunda, jambo linaloonyesha kwamba viumbe vingi mno vimefungwa katika kanuni moja ya mchana na usiku.

Lakini saa hii, kama saa yoyote, huhitaji kutiwa majira kila siku, na kinachoitia majira ni nuru. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwamba ndani ya jicho kuna chembe za namna ya pekee ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu bali ni kuuambia ubongo kama kunakucha au kunakuchwa. Kukichwa, tezi moja ndogo kichwani huanza kumimina katika damu kichocheo kiitwacho melatonini, ambacho Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walikitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1958 kutoka tezi za ng'ombe. Na melatonini haimlazimishi mtu kulala, bali huutangazia mwili mzima kwamba usiku umeingia, kila kiungo kishike kazi yake ya usiku. Ni mfano wa adhana. Mwadhini hamsukumi mtu msikitini. Hutangaza tu kwamba wakati umewadia, na aliye tayari huitika. Taa kali ya chumbani iwakayo hata saa sita ni kelele inayoifunika adhana hiyo, na mwili usioisikia hubaki katika mchana ambao haupo.

Jambo la pili ni uzito wa usingizi wenyewe. Tangu mtu aamkapo, kitu kiitwacho adenosini hujikusanya katika ubongo wake saa baada ya saa, nacho ndicho kinacholeta ule uzito wa macho. Usingizi hukiondoa, na ndiyo sababu mtu aliyelala vizuri huamka na akili nyepesi. Kahawa haikiondoi. Kahawa huziba tu milango ambayo adenosini ingepitia, na nusu ya nguvu ya kahawa hukaa mwilini yapata saa tano, kwa wengine zaidi, hata ile aliyoinywa mtu saa moja ya usiku huwa nusu yake ingali kazini saa sita. Sisemi haya ili kuipiga vita baraza ya kahawa, na Mungu aniepushe na kosa hilo, kwani nimeona baraza ikiwaponya watu upweke ambao hakuna dawa ya duka iwezayo kuuponya. Mjane mwanamume aliyeacha kwenda barazani nilimrudisha barazani kabla ya kumshauri jambo lolote jingine. Nasema tu kwamba kikombe cha alasiri na kikombe cha baada ya isha si kikombe kimoja, na mwenye usingizi mgumu akae barazani ale kashata, kahawa aiache ipite.

Mtu mzima huhitaji saa saba za usingizi au zaidi kwa siku, na hivyo ndivyo walivyokubaliana mabingwa wa fani hii huko Marekani mwaka 2015. Hapa kwetu Unguja, ambapo urefu wa mchana hautofautiani kwa saa nzima kati ya msimu na msimu, usiku hutupa saa kumi na mbili karibu kamili mwaka mzima, neema ambayo watu wa kaskazini ya dunia hawanayo. Zamani zetu, saa hizo zilikuwa na mgawanyo wake. Magharibi watu walirudi majumbani, wakasali, wakala. Baina ya magharibi na isha watoto walisoma chuoni au walisimuliwa hadithi. Baada ya isha mji ulianza kutulia, na imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake. Nuru ilikuwa ya kibatari na kandili, nuru ndogo ya manjano ambayo mafuta yake yalinunuliwa kwa pesa, na pesa ilimwambia mtu azime taa hata kama hekima haikumwambia.

Umeme ulifika Unguja mapema kuliko mahali pengi, na Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, husifiwa kuwa jengo la kwanza la kisiwa kuwashwa taa za umeme. Lakini kwa watu wa kawaida, na hasa wa mashamba, taa ya umeme ni kitu cha miaka ya karibuni. Sitamani urudi usiku wa kibatari. Kibatari kiliunguza watoto na kiliharibu macho ya wanafunzi, na mama aliyejifungua gizani mikononi mwa mkunga asiyeona hawezi kuimbiwa sifa za giza. Nakumbuka Desemba 2009, waya wa umeme upitao chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika, na kisiwa chote kikakaa bila umeme wa bara miezi mitatu hivi, hata Machi 2010. Ilikuwa dhiki kubwa: maji hayakupanda kwa kukosa pampu, wanawake walibeba ndoo alfajiri na jioni, samaki walioza, biashara ndogo zilikufa, na penye jenereta hapakuwa na usingizi kwa ngurumo yake. Walakini katika mtaa wetu, ambao haukuwa na jenereta nyingi, nililiona jambo ambalo sijalisahau. Watoto waliokuwa hawalali kabla ya saa tano walianza kusinzia saa mbili na nusu, na watu wazima wawili kati ya waliokuwa wakinijia wakati ule kwa malalamiko ya kukosa usingizi waliacha kuja, si kwa sababu ya masafa wala fedha, bali kwa sababu wamelala. Umeme uliporudi tulifurahi sote, nami nikafurahi. Baada ya wiki chache wawili wale wakarudi.

Simu ya mkononi imefanya mambo ambayo taa peke yake haikuyaweza. Yalichapishwa mwaka 2015 majaribio yaliyofanywa Boston, ambamo watu kumi na wawili walisoma vitabu kwa saa nne kabla ya kulala, siku tano mfululizo katika kioo chenye mwanga na siku tano katika karatasi. Walipotumia kioo, walichelewa kupata usingizi kwa dakika kama kumi, na saa ya miili yao ikasogea nyuma kwa saa moja na nusu. Nimewasikia watu wakiyataja majaribio haya kama kwamba mwanga ndio adui wetu wote. Mimi naona dakika kumi si nyingi, nami nina yakini, kwa yale niliyoyasikia ofisini mwangu, kwamba kinachowakesha watu zaidi ni kile kilichomo ndani ya kioo. Mtu hakeshi kwa nuru; hukesha kwa sababu kundi la ukoo linabishana juu ya urithi, kwa sababu amemtumia mtu ujumbe na ameona umesomwa na haujajibiwa, kwa sababu makampuni huuza vifurushi vya intaneti vya usiku kwa bei nafuu na mwanafunzi asiye na fedha huona ni ujinga kulala wakati wa bei rahisi. Hili la mwisho hunichoma sana. Kijana maskini ananunua maarifa kwa usingizi wake, naye asubuhi anaketi darasani na akili isiyoweza kuyapokea maarifa yaliyo bure.

Kuna pia wanaokesha kwa mapenzi, na hao ndio wagumu kushauriwa, maana nani atamwambia mzazi asimsubiri mwanawe? Alinijia bi mkubwa mmoja, mjane, aliyelalamika kusahau. Alisahau chungu jikoni, alisahau majina ya wajukuu, na aliogopa kwamba akili yake inamtoka kama ilivyomtoka dada yake. Nilimpeleka kwanza kwa daktari, kama nifanyavyo daima kwa malalamiko ya namna hiyo, na daktari hakuona ila uchovu. Nilipomwuliza habari ya usiku wake alinyamaza, kisha akatoa simu katika mkunjo wa kanga akaiweka juu ya meza kwa uangalifu, kama mtu awekaye chombo cha udongo. Mwanawe yuko Toronto. Kazi humwisha jioni, na jioni ya kule ni saa sita au saa saba za usiku wa huku, kwa kadiri ya majira. Basi mama huiweka simu chini ya mto, hulala usingizi wa paka, hushtuka kila kioo kinapowaka, mara nyingi kwa tangazo la biashara, na mwana anapopiga huzungumza naye kwa furaha mpaka saa nane. Mwana hakujua. Alidhani mama ni mtu wa kukesha, maana kila ampigiapo hupokea papo hapo.

“Nikimwambia, Maalim, ataona namfukuza.”

Tulichukua kalamu na karatasi, tukapiga hesabu. Bi mkubwa huyu huamka saa kumi na moja ya alfajiri kwa ajili ya sala, na saa hiyo kule Toronto ni saa tatu au saa nne za usiku, mwana amekwisha kula na watoto wake wamekwisha lala. Siku ya mama inaanza wakati ya mwana inafunga. Nilimwomba amwambie mwanawe maneno haya tu: nipigie baada ya sala ya alfajiri, nataka uwe mtu wa kwanza ninayemsikia. Alisema maneno hayo, na mwana akalia.

Sikueleza kisa hiki ili nionyeshe ustadi. Nimekieleza kwa sababu kinabainisha jambo ambalo wengi wetu washauri hulikosea, kwamba tabia haing'oki kwa kukatazwa; huhamishwa. Bi mkubwa hakuambiwa aache kuzungumza na mwanawe, aliambiwa saa nyingine. Na simu haikutupwa, ilipewa mahali pengine pa kulala. Mwenye kunijia kwa shida ya usiku humpa kazi ndogo zinazofanana na hiyo, na ya kwanza ni kwamba adhana ya magharibi, au kuchwa kwa jua kwa asiyekuwa Mwislamu, iwe mlango. Baada ya mlango huo taa kubwa ya juu izimwe na iwashwe ndogo ya pembeni. Deni lisizungumzwe baada ya isha, wala matokeo ya mtihani ya mtoto. Simu ilazwe chumba kingine, na asiye na chumba kingine ailaze mbali na mkono, ndani ya kabati au juu ya rafu asipoifikia bila ya kusimama. Ya pili nimeipokea kutoka kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliyeieleza mwaka 1972, nayo imekuwa miongoni mwa tiba za kutegemewa za ukosefu wa usingizi: kitanda kiwe cha kulala, si cha kazi wala cha kuhuzunika, na mtu akikosa usingizi asikae akipigana nao, bali aondoke kitandani, akae mahali pengine katika nuru hafifu, na arudi usingizi ukimjia.

Kanuni hii ilinipa taabu kuitumia kwetu. Nani katika wateja wangu ana mahali pengine? Wengi wanapanga chumba kimoja, na kitanda ndicho kiti, ndicho meza ya mwanafunzi, ndicho sebule ya wageni. Nilisumbuka nalo muda mrefu, mpaka mama mmoja mshona nguo aliponijibu mwenyewe bila ya kujua kwamba amenifundisha. Alisema yeye hutandika mkeka chini, hushona juu yake, hula juu yake, huzungumza na simu juu yake, na akishaukunja mkeka amemaliza siku. Kwake kukunja mkeka ni kufunga duka. Nimewapa watu wengi mkeka huo tangu wakati ule, na nakiri kwamba umefanya kazi kuliko maneno yangu mengi.

Yako mambo mawili ambayo mshauri lazima ayaseme wazi, asije akawatia watu khofu isiyo na msingi au akawalaza katika hatari. La kwanza ni kwamba kuamka usiku wa manane si maradhi kwa dhati yake. Karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania bara, wanaishi Wahadzabe, ambao hata leo baadhi yao huishi kwa kuwinda na kuchuma. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walifuatilia usingizi wa watu wazima thelathini na watatu kwa siku ishirini, wakakuta kwamba katika muda huo wote zilikuwepo dakika kumi na nane tu ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Karibu daima yupo aliye macho, na wazee huwahi kulala na kuamka tofauti na vijana, hata watafiti wakaona kwamba huenda tofauti hiyo iliwalinda wanadamu tangu kale, kila kambi ikawa na mlinzi bila ya kumteua. Namweleza haya mzee anayenijia akiwa na khofu kwa kuwa huamka saa tisa na hasinzii mpaka saa kumi. Mzee wangu, humwambia, hujaharibika; zamani zamu hiyo ilikuwa ya heshima, na mashekhe wetu waliijaza tahajudi. Khofu ikimtoka, mara nyingi usingizi humrudia wenyewe.

La pili ni kinyume chake. Mtu akoromaye kwa nguvu, pumzi ikamkatika kisha akashtuka kama aliyezama majini, na mchana akasinzia hata akiwa kwenye usukani, huyo ahimizwe kwenda hospitali bila ya kuchelewa. Na mtu aamkaye kabla ya alfajiri siku baada ya siku, na moyo wake umejaa kiza, hana hamu ya chakula wala ya watu, huyo naye asipewe mkeka wala kandili. Ana maradhi ya huzuni, yanayo matibabu yake, na ndugu zake wasimwache peke yake.

Nami sisahau kwamba wako ambao usiku wao si mali yao: muuguzi wa zamu, mlinzi, mama wa mtoto mchanga, mvuvi wa dagaa ambaye hutoka na taa zake wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikienea. Wengine katika hao, kama mvuvi, wamepewa na mwezi utaratibu wa kazi na mapumziko. Mlinzi wa ghala hakupewa. Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka juu ya usiku wa wenzao, waajiri wanaobadilisha zamu kila wiki bila ya sababu, wenye sherehe wanaoacha vipaza sauti vikinguruma hata saa nane katika mtaa wenye wagonjwa, wauzao vifurushi vya bei nafuu kwa sharti la kukesha, waliangalie jambo hili kwa insafu, kwa kuwa usingizi wanaouchukua ni wa mtu ambaye kesho atawapikia, atawasomeshea watoto, atawaendeshea gari.

Ama bi mkubwa yule, kusahau hakukumwisha kabisa, kwani ana miaka yake. Lakini chungu hakimwungulii tena, na majina ya wajukuu ameyashika. Simu yake hulala sebuleni juu ya kabati la vyombo, nayo hulia baada ya sala ya alfajiri.